Kompyuta Zijisasishe Zenyewe

Wako wengi miongoni mwetu waliokwisha kununua kompyuta ya nyumbani, na wengine wanazo mbili au tatu: ya baba, ya watoto wa shule, na ile kuukuu iliyowekwa pembeni. Twafurahi kuona hivyo. Lakini twasikitika kuona kwamba katika nyumba nyingi jambo la kwanza alifanyalo mwenye mashine ni kuzuia masasisho, yaani marekebisho ya programu yaletwayo na watengenezaji kwa njia ya intaneti. Ukimwuliza sababu, atajibu kwamba yanakula bando, na kwamba mashine hujizima na kujiwasha katikati ya kazi.

Malalamiko hayo si ya uongo, wala hatuyadharau. Mfanyakazi anunuaye intaneti kwa kipimo hawezi kuona nusu ya kifurushi chake ikitoweka usiku mmoja akanyamaza. Hata hivyo twasema bila kuficha kwamba dawa aliyoichagua ni mbaya kuliko ugonjwa.

Na ikumbukwe habari ya mwaka 2017. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa uliokuwamo katika Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipenya katika ufa ule ule, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila mashine. Kompyuta zaidi ya 200,000 zilipatwa katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa, na maelfu ya miadi ikafutwa. Tena kirusi hicho hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilitoka mashine hata mashine chenyewe. Kwa hiyo ile kompyuta kuukuu ya pembeni, ambayo hakuna aijaliye, yaweza kuwa mlango wa kuingilia nyingine zote nyumbani.

Watakuwako wa kutujibu kwa habari ya tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 na kusimamisha safari za ndege. Ni kweli. Lakini programu ile huuzwa hasa kwa makampuni na maofisi, nayo kompyuta ya sebuleni haikuguswa. Funzo lake kwa mtu wa nyumbani ni kuweka nakala ya mafaili yake mahali pengine, jambo ambalo yampasa kulifanya hata pasipo masasisho.

Basi yafaa kazi hii iachiwe mashine yenyewe, maana mwanadamu husahau. Katika Windows mtu aweza kutaja saa zake za kazi, ili mashine isijiwashe upya katika saa hizo. Aweza pia kuutia alama mtandao wa simu yake kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, na mengi ya masasisho yatangoja mpaka apate intaneti iliyo rahisi. Mwenye kompyuta kadhaa aruhusu zigawiane: moja ikiisha kupakua, nyingine huchukua kwake kwa mtandao wa nyumbani, bando lisilipwe mara tatu. (Hili wengi hawalijui, nasi twashangaa kwa nini halitangazwi.) Mabadiliko makubwa ya mwaka, yanayogeuza sura ya mashine, yaweza kucheleweshwa, ya usalama yasicheleweshwe.

Imebaki ile kuukuu. Kama ina Windows 10, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft ilitoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi kwa waliojiandikisha. Ikiwa haina nguvu ya kupokea Windows 11, yaweza kuwekewa Ubuntu, ambayo haina bei, na ambayo tangu inapowekwa hujitafutia marekebisho ya usalama kila siku bila kumsumbua mtu. Mashine isiyoweza kupata hata hayo, na iondolewe katika intaneti ya nyumbani, watoto waitumie kuandikia tu.