Usisaini Orodha Iliyokatwa: Printa Isikucheleweshee Pesa ya Korosho

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa huku Mnazi Bay, mmezoea kunisikia nikisema salfa, palizi na kupogolea. Leo naomba tuongee habari ya printa. Usiondoke kwanza, hii ni habari ya pesa yako.

Msimu mmoja uliopita mzee mmoja alinifuata na karatasi ya malipo. Kilo sawa, bei sawa, makato sawa, lakini wenzake wamelipwa na yeye bado. Wengine walisema ni benki, wengine wakasema ni mtandao. Nilipoiangalia ile karatasi, nikaona namba za akaunti zimekatwa pembeni, upande wa kulia. Karani alikuwa amejazia tarakimu zilizopotea kwa kalamu akitazama daftari, na kwenye mstari wa mzee 6 ikawa 0. Pesa ikaenda, ikarudi. Chama chenyewe sikitaji, maana si peke yake.

Tatizo linaanzia wapi?

Baadhi ya vyama nilivyovitembelea bado vinatunza orodha kwenye programu ya zamani iliyotengenezwa kwa Access. Programu hiyo si mbaya. Ila ripoti ya Access inaweza kuhifadhi ndani yake jina la printa na ukubwa wa karatasi iliyotumika siku ilipotengenezwa. Kompyuta ikibadilishwa au printa ikifa, ripoti inaendelea kuitafuta printa ileile ya zamani.

Karatasi nayo ina shida yake. Programu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani inayoitwa Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Sisi dukani tunanunua A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Tofauti ya upana ni milimita 6 tu, lakini hapo zinaweza kupotea tarakimu mbili au tatu za akaunti yako. Printa nyingine hugoma kabisa na kudai karatasi ambayo hata Mtwara mjini utaitafuta.

Msimamo wangu

Mimi naona tunakosea tunapomwachia karani arekebishe mipangilio kwa mkono kila siku ya malipo. Siku hiyo watu wamejaa mlangoni, umeme unaweza kukatika, na akisahau mara moja tu, orodha inatoka imekatwa. Mipangilio iandikwe ndani ya programu yenyewe, ili kitufe cha ripoti kikibonyezwa karatasi ipangwe bila kumtegemea mtu kukumbuka. Kazi yenyewe ni mistari michache. Mpe fundi wenu hii, abadilishe jina la ripoti tu:

DoCmd.OpenReport "Malipo", acViewPreview
With Reports("Malipo").Printer
.PaperSize = acPRPSA4
.Orientation = acPRORLandscape
.LeftMargin = 567
.RightMargin = 567
End With

Maana yake: fungua ripoti ionekane kwanza kwenye kioo, tumia A4, ilaze karatasi, acha ukingo wa sentimita 1 kila upande. Hiyo 567 ni kipimo cha Access, ni sawa na sentimita 1. Amri hizi zinafanya kazi kuanzia Access ya mwaka 2002. Matoleo ya nyuma ya hapo yana njia ndefu zaidi.

Fundi akumbuke mambo matatu:

1. Afungue ripoti upande wa kuisanifu, aiondoe kwenye printa ya jina moja na kuiweka itumie printa kuu ya kompyuta yoyote itakayokuwepo, kisha ahifadhi.
2. A4 ikilazwa ina upana wa sentimita 29.7. Ukitoa kingo mbili zinabaki 27.7. Ripoti ikizidi hapo hata kidogo, safu ya mwisho inahamia karatasi ya pili, au inatoka karatasi tupu baada ya kila karatasi. Rimu inaisha bure.
3. Kama faili ni la aina ya MDE, limefungwa na halibadilishiki. Mtafuteni aliyelitengeneza, mumwombe faili la asili. Mkishalipata, tunzeni nakala.

"Si tununue mfumo mpya?"

Nimeulizwa hili mara nyingi. Wananikumbusha kwamba stakabadhi ghalani tuko nayo Mtwara tangu 2007, na tangu msimu wa 2024 mnada wa korosho umehamia kwenye mfumo wa TMX, kwa hiyo mambo ya karatasi yamepitwa. Sipingi mifumo mipya. Lakini mnada ukiisha, bado kijijini mkulima anaitwa aje aone jina lake kwenye karatasi na kusaini. Karatasi hiyo ikiwa na kasoro, mnada mzuri haukusaidii wewe. Na pesa ya kununua printa mpya haiondoi kasoro hii, kwa sababu haiko kwenye printa. Iko kwenye ripoti.

Mimi nina stashahada ya kilimo, si ya kompyuta. Niliyajua haya kwa kuhangaika na orodha zetu wenyewe za pembejeo. Kama mimi nimeweza, chama chenye fundi kitaweza.

Wewe mkulima ufanye nini?

Kabla ya kusaini, weka kidole kwenye mstari wako, uufuate mpaka mwisho wa karatasi. Hesabu tarakimu za akaunti, linganisha na kadi yako. Ukikuta namba imekatwa au imejaziwa kwa kalamu, usisaini. Omba karatasi ichapwe upya. Usiogope kuonekana msumbufu, na kama hujui kusoma vizuri, njoo na kijana wako. Nanyi wafanyabiashara mnaokopesha wakulima kwa kutegemea malipo hayo, takeni kuona karatasi kamili.

Makatibu na makarani, chapeni orodha ya majaribio sasa, kabla mnada wa kwanza haujaanza. Usiziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tunaujenga kwa pesa ya mzee wa watu.

Tukutane shambani.