Soma Namba Kabla ya Kununua Chaja

Kila mwanafunzi wa fizikia katika shule yetu aweza kukuambia ya kwamba ukizidisha volti kwa ampea wapata wati. Ameliandika jambo hilo katika daftari, akaulizwa katika mtihani, akapewa alama zake. Lakini siku chaja ya kompyuta yake mpakato ikifa, elimu hiyo huiacha darasani. Huenda dukani, akajaribu chaja moja baada ya nyingine, na pini ya mojawapo ikiingia katika tundu la kompyuta husema, “Hii yatosha.” Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni aibu kwetu sisi tunaosoma, tena ni hasara kwa wazazi wetu, na yafaa tuiache.

Pini kuingia si ushahidi wa kutosha. Chaja ngeni yaweza kuingia vizuri, ikawasha hata ile taa ndogo, kisha ikaharibu betri au yenyewe ikachemka mpaka kuunguza meza. Ushahidi uko katika lebo. Geuzeni chaja ya zamani, au tazameni chini ya kompyuta, mtaona maandishi madogo. Katika lebo ya chaja tafuteni neno OUTPUT, maana yake umeme utokao.

Namba ya kwanza ni volti, nayo sharti ilingane na ile ya kompyuta. Kompyuta nyingi za Dell na HP hutaka volti 19.5, nyingi za Lenovo hutaka 20, na nyingine hutaka 19. Chaja ya volti 12 haitaendesha kompyuta ya namna hii. Ya volti 24 yaweza kuiunguza.

Namba ya pili ni ampea, na hapa ndipo wengi hukosea. Huogopa chaja yenye ampea nyingi, wakidhani itasukuma umeme mwingi ndani ya kompyuta. Sivyo. Volti zikilingana, kompyuta huchota kiasi inachohitaji tu, kama mtu mwenye kikombe kimoja achotaye kikombe kimoja hata pipa likiwa kubwa. Kompyuta inayotaka volti 19.5 na ampea 3.34, yaani wati 65, yaweza kutumia chaja ya aina yake yenye ampea 4.62, yaani wati 90. Kinyume chake hakifai: chaja ndogo ikibebeshwa kazi kubwa hupata joto, huzimika, na mwisho hufa.

Jambo la tatu ni upande wa chanya na wa hasi. Lebo huonyesha kwa picha ndogo ya duara kama pini ina chanya ndani au nje. Picha ya chaja mpya na iwe sawa na ya zamani. La nne ni pini yenyewe. Ziko za upana wa milimita 7.4, ziko za 4.5, na nyinginezo. Tena katika kompyuta za Dell, sindano nyembamba iliyo katikati ya pini hupeleka habari ya chaja kwa kompyuta. Habari hiyo isipofika, kompyuta huwaka, lakini yaweza kukataa kujaza betri na kwenda polepole. Wenye kuona hivyo husema betri imekufa, wakanunua betri mpya bure.

Kompyuta mpya zinazotumia USB-C zimepunguza taabu hii, kwa kuwa chaja na kompyuta huafikiana volti kabla ya umeme mkubwa kupita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 iliweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa siku ya kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko kuanza kutimiza sharti la kuchajiwa kwa USB-C. Lakini hata hapo wati ni lazima zitazamwe. Chaja ndogo ya simu haitoshi, na waya wa USB-C wa ampea 3 haupitishi zaidi ya wati 60 kwa volti 20.

Wenzetu watokao Rwanda na Kongo, ambako plagi zina miguu ya mviringo, wasidhani chaja zao hazifai hapa Uganda. Lebo ikisema INPUT volti 100 mpaka 240, chaja hiyo yafaa katika nchi zetu zote. Wabadilishe ule waya wa ukutani tu, wala wasinunue chaja nzima.

Wengine watasema, “Fundi anajua, yeye atanichagulia.” Simdharau fundi. Lakini fundi mwema hufurahi mteja akija na namba zake, na yule asiye mwema hushindwa kumwuzia chochote kilichobaki rafuni. Wengine watasema chaja ya kweli ni ghali. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mwanafunzi ambaye kompyuta yake imezima wiki mbili kabla ya mtihani, na maandishi yake yote yamo ndani, hawezi kuuita ununuzi ule rahisi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, chumba cha kompyuta kiwe na daftari lenye volti, ampea na aina ya pini ya kila kompyuta ya shule. Pili, walimu wetu wa fizikia watupe kipindi kimoja cha kusoma lebo za chaja, badala ya mifano ya vitabuni tu. Tatu, nawaomba wanafunzi wa zamani, ambao twawashukuru kwa kutuletea kompyuta zilizokwisha tumika, wafunge kila kompyuta pamoja na chaja yake. Kompyuta njema isiyo na chaja yake hukaa kabatini bila faida.

Nanyi wenzangu, msingoje. Jioni hii geuzeni chaja zenu, mziandike namba hizo ndani ya jalada la daftari. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na siku chaja itakapokufa mtakwenda dukani mkijua la kuuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita