TAARIFA YA TAWI, KIRUMBA: MKOPO SI WA MWENYE MITUMBWI



Wazazi wenye uwezo, wa Mwaloni na wa madukani, wanatupigia simu: kijana kapata daraja la tatu Kidato cha Sita. Huo si msiba. D mbili kwenye masomo ya tahasusi zinafikisha pointi 4, kiwango cha chini cha TCU cha kuombea shahada. Aliyepungukiwa aanze diploma, akipata GPA 3.0 ataomba shahada. SAUT na CBE zipo hapahapa Mwanza. FETA Nyegezi wanafundisha uvuvi na ufugaji samaki. Mtoto wa mwenye mitumbwi akienda kule amepoteza nini? Anayetaka India au Uganda aende, ila aulize TCU kama chuo kinatambulika kabla baba hajauza kiwanja.

Tusichokubali ni hiki: mzazi mwenye magari mawili kumfuata balozi usiku amsaidie kupata barua ya kutojiweza, ili kijana apate mkopo wa HESLB. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya 2004 kwa ajili ya wahitaji. Fungu lina mwisho. Mtoto wa mama muuza dagaa, tena mwenye daraja la kwanza, akikosa anarudi kubeba ndoo mwaloni. Tumewaona.

Balozi yeyote wa tawi letu asiandike wala kusindikiza barua ya aina hiyo, hata kama mwombaji ndiye aliyetuchangia viti vya mkutano.

Mwenye swali afike ofisini jioni.

Kamati ya Tawi