Ng'ombe Watapita Wapi? Wito kwa Majirani wa Kimuka na Kajiado Nzima



Nyumbani kwangu kuna karatasi kubwa niliyoikunja mara nne nikaihifadhi chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba. Ni mchoro wa kituo cha reli. Niliupata kwenye baraza moja, chini ya mgunga, siku ya upepo ule wetu wa kung'oa kofia. Ofisi iliyouleta nisiitaje, wala kituo chenyewe nisikitaje, kwa kuwa sina kesi na mtu leo. Nataka tu mjue jinsi tulivyoutazama, halafu niwaombe jambo.

Mchoro ulikuwa mmoja na sisi tulikuwa watu kama themanini. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama siafu. Ulizungushwa kwa mikono kuanzia viti vya mbele, na ulipofika nyuma, kijana mwenye koti la kung'aa alikuwa tayari anafunga kompyuta yake. Mama mmoja, yeyo kama tunavyoita mama kwa Kimaa, anayepeleka maziwa Ngong kila alfajiri, aliushika juu chini. Akaugeuza. Akaweka kidole kwenye mistari myembamba iliyopangwa kama mbavu za mbuzi, akaanza kuhesabu kimyakimya. Zilikuwa ngazi. Akanyanyua kichwa na kuuliza, "Mtungi wangu ni wa lita ishirini. Hapa maziwa yanapanda na nani?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akagonga fimbo chini, akauliza lake, "Na ng'ombe watapita wapi?" Wakacheka tena. Kijana akajibu kwa adabu sana kwamba maoni yetu yamechukuliwa. Kisha ikaletwa karatasi ya mahudhurio, soda na nusu mkate. Tukatia saini, tukanywa, tukaenda. Ni njiani, kwenye matatu, ndipo ndimi zilipofunguka. Huyu anasema kituo kiko mbali na stegi, yule anauliza mvua ikinyesha tutajikinga wapi, mwingine anasema hajaona choo. Kila mmoja alikuwa na neno zuri, na hakuna mwenye kalamu aliyekuwa kwenye ile matatu.

Mpaka leo najiuliza ile saini tuliyotia kwa ajili ya soda ilikwenda kuandikwa wapi, na juu ya maneno gani.

Na reli si ngeni kwetu. Kenya haina kituo cha abiria kilicho chini ya ardhi. Lakini sisi wa Kimuka tunaijua reli ya chini ya ardhi kuliko Wakenya wengi, maana vilima vya Ngong vilitobolewa tukiangalia. Handaki la Ngong lina urefu wa kilomita 4.5, refu kuliko mengine yote kwenye reli ya SGR kutoka Nairobi hadi Suswa. Rais Uhuru Kenyatta aliifungua njia hiyo Oktoba 2019, kilomita 120 zilizogharimu takriban shilingi bilioni 150, na vituo vyake vya abiria vikiwa Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu na Suswa. Tangu hapo maneno ya watu kuhusu vituo hivyo hayajabadilika sana. Majengo yanapendeza, na kuyafikia ni safari nyingine. Ukishuka kwenye treni unaanza kutafuta bodaboda, na nauli ya boda inakufanya ujiulize kwa nini hukupanda matatu toka mwanzo.

Sasa reli nyingine inakuja karibu zaidi. Mwaka 2025 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa reli ya abiria kutoka Riruta kupitia Lenana hadi Ngong, kama kilomita 12.5. Jina hilo la Lenana, ambalo tutalisikia likitangazwa kwenye vipaza sauti, ni la Olonana, laiboni au kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, lililopindwa na ndimi za wageni. Ndiye aliyeweka alama yake kwenye mkataba wa 1904, ule uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa, ardhi iliyokuwa karibu na reli ikaachiwa walowezi. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na waliokuwa wamehamishiwa Laikipia wakaswagwa tena kuja huku kusini. Miaka hiyohiyo ya 1910 reli ya magadi ikajengwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwani. Ukifikiria vizuri, babu zetu nao walitia alama kwenye karatasi ambayo hawakuweza kuisoma. Hata soda hawakupewa.

Lakini nisiwavunje moyo. Kelele zinazopigwa mapema zimewahi kubadilisha mchoro, tena hapahapa mlangoni petu. SGR ilipopangwa kukatiza Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, watetezi wa wanyamapori hawakusubiri nguzo zisimamishwe. Waliandamana, wakaandika, na mwaka 2016 wakafika mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Reli ilipita mbugani hata hivyo, na wengi wao hawajaridhika hadi leo. Ila ilipita juu ya daraja la zaidi ya kilomita sita, lenye nguzo ndefu za kutosha twiga kupita chini bila kuinama, na kuta za kuzuia kelele zikawekwa pembeni. Ninyi wa Kitengela mnajua wanyama hao huenda wapi wakitoka mbugani. Hutokea kwenye nyanda zenu.

Mimi nilipoliona daraja lile mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikaona wivu. Twiga alikuwa na mawakili. Yeyo wa maziwa hakuwa na hata mtu wa kumshikia mchoro vizuri.

Na msidhani ni sisi tu tunaochelewa. London, mji wenye vituo vya chini ya ardhi tangu karne ya 19, kuna kituo kinachoitwa Tottenham Court Road. Miaka ya 1980 msanii Eduardo Paolozzi alizipamba kuta zake kwa vipande vya vigae vya rangi, kazi kubwa ya kumfanya mwenye haraka apunguze mwendo. Kituo kilipopanuliwa, matao yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme, yenye vigae hivyo, yakabomolewa mwaka 2015. Watu wakakasirika, wakakusanya saini kwa maelfu. Sehemu kubwa ya michoro ya ukutani ilibaki na kukarabatiwa, lakini matao yale yalikuwa yameshavunjwa, na vipande vyake vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hao ni watu wenye magazeti kila kona na vyama vya kutetea majengo. Kama wao nyundo iliwatangulia, sisi tunaosubiri tangazo libandikwe kwenye mlango wa chifu tufanyeje?

Hilo ndilo ombi langu. Tusisubiri baraza. Tuanze kujua tunachokitaka kabla mchoro haujafika, ili ukifika tuwe tunakagua badala ya kushangaa.

Mtu akikuletea mchoro wa kituo, usianze na paa. Paa ndilo hupigwa rangi likapendeza. Kule Dar es Salaam wamejenga kituo cha SGR kwa umbo la kito cha tanzanaiti, na watu hupiga picha mbele yake mpaka leo. Ni haki yao, hata mimi ningepiga. Lakini mzigo haubebwi na paa. Tafuta kwanza lango la kuingilia, halafu uliza stegi ya matatu iko wapi kutoka hapo, hatua ngapi, na kama njia ina lami au ni ule udongo wetu mweusi unaokamata kiatu wakati wa masika. Fuata kwa kidole safari ya mtu mmoja unayemjua. Mimi humfuata yeyo. Anashuka kwenye boda na mtungi wake. Anaunyanyua hadi wapi? Anakata tiketi dirishani au kwa simu, na simu yake ikizima? Akifika kwenye ngazi, je, kuna njia ya mteremko pembeni? Njia hiyo hiyo ndiyo ya mwenye kiti cha magurudumu, ya mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ya mzee wa fimbo. Katiba ya 2010 imelisema hili waziwazi kwenye Kifungu cha 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Kwa hiyo mkiuliza mteremko uko wapi hamuombi fadhila.

Kisha geukia upande wa pili wa reli. Reli ni ukuta uliolala. Wanaopanga reli wakiwa Nairobi mara nyingi huhesabu wanaosafiri kwa treni na kuwasahau wanaotaka kuvuka tu: mtoto wa shule, mama anayekwenda kisimani, ng'ombe mia mbili saa kumi na mbili asubuhi. Kivuko cha mifugo kikiwekwa kwenye mchoro sasa, ni mstari wa penseli. Kikiombwa baada ya zege kukauka ni bajeti ya mwaka ujao, nanyi mnaujua mwaka ujao wa serikali.

Vyoo, taa za usiku na mahali pa kujikinga upepo sina haja ya kuwaeleza. Labda niseme kuhusu lugha. Ningependa kibao cha kituo kiandikwe kwa Kiswahili kikubwa, na Kimaa chini yake, na jina la mahali liandikwe kama wenyewe wanavyolitamka. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi naona mgeni akisoma jina la kwenu vibaya kwa miaka hamsini, mwishowe hata watoto wenu watalisoma hivyo. Mwulizeni Olonana.

Na vibanda. Kituo chochote Kenya hii kitazaa soko, upende usipende. Mama mboga, muuza chai, fundi viatu, wote watafika kabla ya treni ya kwanza. Mchoro usiowawekea nafasi haujawazuia. Umewaandalia tu siku ya kubomolewa usiku na askari wa kaunti. Afadhali tuombe safu ya vibanda na bomba la maji tangu mwanzo.

Sheria iko upande wetu zaidi ya tunavyodhani. Ushirikishaji wa wananchi umo kwenye Kifungu cha 10 cha Katiba, miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Mradi mkubwa kama reli unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hutangaza ripoti hiyo gazetini na kuwapa watu siku 30 za kutuma maoni. Siku 30 ni nyingi ukizijua siku ya kwanza. Ukizijua siku ya 29, kwa kuwa gazeti lilifika Kimuka likiwa limefungia nyama, ni chache mno.

Basi tugawane kazi. Vijana mlio na bando, mmoja wenu awe anaangalia matangazo kila wiki na kuyapiga picha kwenye kikundi cha wadi. Walimu, tusaidieni kuugeuza mchoro kuwa Kiswahili cha kueleweka. Hata watoto wa gredi ya nane wanaweza kuchora kituo kwa chaki uwanjani, kwa vipimo vyake halisi, tukatembea ndani yake. Hili nimelifikiria sana. Yeyo akitembea kwenye mistari ya chaki na mtungi wake kichwani, atajua ndani ya dakika tano kisichofaa. Wazee, swali la ng'ombe msiliache hata wakicheka mara ya tatu. Liandikwe, litiwe saini, na nakala ibaki kwetu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Na karatasi ya mahudhurio ikija, someni kichwa chake kwanza. Kama hakina maneno, kiandikeni wenyewe: "Tulihudhuria. Hatujakubali bado."

Najua kuna watakaosema raia wa kawaida hajui uhandisi. Kweli, sijui zege linabeba tani ngapi, na sitaki kumfundisha mhandisi kazi yake. Lakini yeye naye hajui upepo wa hapa unavuma kutoka wapi mwezi wa saba, wala maziwa huanza kuganda saa ngapi jua likipanda.

Jumamosi jioni tunakutana wachache, baada ya mifugo kurudi, kuandika orodha yetu ya kwanza. Hakuna posho. Njooni na maswali, hata yale yaliyochekwa. Ule mchoro nitautoa chini ya godoro, nitakuwa na kalamu za ziada na chaki boksi moja, na chai itakuwepo, kwa kuwa yeyo ameshaahidi maziwa.