SENTIMITA 2 ZILIZOTUGHARIMU

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la chama nitoe maoni yangu. Mimi si mwandishi. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha nikaingia karakana ya reli, na tangu hapo kalamu yangu ni spana. Lakini jambo nililoliona nyumbani wakati wa likizo limenikaa moyoni, na naona latuhusu sisi sote tulao kwa jasho la mikono.

Kijijini kwetu kuna kikundi cha akina mama na wazee wachache. Wana pampu ya upepo juu ya kisima, ile yenye gurudumu la mapanga mengi juu ya mnara. Gurudumu likizunguka, fimbo ya chuma hupanda na kushuka ndani ya mnara, na maji hutoka. Tangi likijaa, upepo waendelea kuvuma bure. Basi kikundi kikauliza swali la haki kabisa: Je, nguvu hii ya kupanda na kushuka haiwezi kugeuzwa iwe ya kuzungusha, ili itupe taa usiku?

Wakatoa michango. Akaja mkandarasi na michoro yake. Nilipomwona akipima, nilimwambia, “Bwana, hapo patakwama.” Akanitazama nguo, akaniuliza nimesoma wapi. Nikamjibu. Akacheka, akasema, “Wewe kaa na spana zako, ndugu yangu.” Nami nikanyamaza. Neno hilo la kunyamaza ndilo linifanyalo niandike leo.

Sasa nitaeleza kosa lilikuwa nini, maana si siri ya wakubwa. Kila mwanachama aweza kulielewa.

Tazameni cherehani ya kukanyaga. Mguu waenda juu na chini, lakini gurudumu lazunguka. Kinachogeuza mwendo ni vitu viwili: fimbo itokayo kwenye kikanyagio, na mkono wa kombo ulio kwenye gurudumu, ambao sisi mafundi huuita krenki. Katika kila mzunguko pana mahali pawili ambapo fimbo na krenki hunyoka mstari mmoja. Hapo ukanyage ufanyavyo, gurudumu haliendi popote. Ndiyo maana fundi cherehani huanza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono, na likishapata mwendo, uzito wake ndio unaolivusha pale pa kunyoka. Asipofanya hivyo huenda likazunguka kinyume na uzi ukakatika.

Kwenye reli jambo hilo lilijulikana zamani sana. Nendeni Makumbusho ya Reli pale Nairobi mkaitazame Garratt nambari 5918, Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za aina ya 59, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Injini ile ina mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila mtambo una silinda mbili. Tazameni krenki ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto. Hazikufungwa sawa. Zimepishana robo ya mzunguko. Upande mmoja ukiwa umenyoka na hauna nguvu, mwenzake yuko mahali pa nguvu zake zote, naye humvusha. Mzee mmoja mstaafu aliyenionyesha jambo hilo nilipokuwa mwanafunzi wa kazi aliniambia, “Kijana, hapo ndipo chama cha wafanyakazi kilipoanzia.” Sijasahau.

Basi mtu atasema: ikiwa krenki yafaa kwa cherehani na kwa garimoshi, kwa nini isifae kwa pampu ya upepo? Mkandarasi naye alifikiri hivyohivyo. Hapa ndipo alipopotea.

Katika cherehani kikanyagio ni huru. Katika injini pistoni ni huru. Haina kipimo chake yenyewe. Hupanda na kushuka kadiri krenki inavyoiruhusu. Lakini fimbo ya pampu ya upepo si huru. Huko juu ya mnara tayari iko krenki nyingine, au gia zenye kazi ileile, zilizokwisha kata mwendo wake. Yetu hupanda sentimita 30, haizidi wala haipungui. Sasa ukiifunga krenki ya pili huku chini, chuma kimoja kimepata mabwana wawili, na kila bwana ana kipimo chake.

Mkandarasi aliweka krenki ya sentimita 14. Mzunguko wake waruhusu mwendo wa sentimita 28. Fimbo yataka 30. Siku ya upepo mdogo gurudumu lilikwama tu, wakasema ni kutu. Upepo ulipozidi, fimbo ilipinda na bolti tatu zikakatika. Akatengeneza krenki nyingine ya sentimita 16, ambayo mwendo wake ni 32. Sasa fimbo haikupinda, lakini krenki ilikuwa ikiyumba huku na huku kama pembea, haimalizi mzunguko. Fimbo ikifika mwisho wake wa 30, krenki bado yadai 2 zaidi ili ivuke juu.

Ndipo akamwambia kijana mmoja, mtoto wa shangazi yangu, alisukume gurudumu kwa mkono wakati wa kuvuka. Ndugu zangu, sentimita 2 za chuma hazisukumwi na mkono wa mtu. Mnyororo haukuwa na kinga. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mkandarasi alikwenda zake na fedha za kikundi.

Na hata angeweka sentimita 15 kamili? Ingezunguka siku za kwanza. Beringi zikilika kidogo tu, vipimo vingeachana, na tungerudi palepale.

Tena kuna jambo la pili. Fimbo ya pampu ya upepo ni ndefu na nyembamba. Imewekwa kwa kuvuta maji juu. Ukiivuta ina nguvu, ukiisukuma hupinda. Kwa hiyo kazi yote huwa katika nusu moja ya mwendo, na nusu nyingine ni ya kurudi tu. Anayeitegemea isukume kama fimbo ya injini hajui alichokishika.

Njia ipo. Hapa nchini kila mwenye baiskeli anayo. Ni ile friwili ya gurudumu la nyuma, ambayo mbele hushika na nyuma huteleza ikilia tiki-tiki-tiki. Funga mnyororo kwenye fimbo, uupitishe kwenye friwili iliyo kwenye shafti, na mwisho wake uufunge uzito wa kuurudisha. Fimbo ikipanda, mnyororo wavutwa na shafti yazunguka. Fimbo ikishuka, uzito waurudisha mnyororo na friwili yateleza bila kuisumbua shafti. Hapana pale pa kunyoka. Hapana ugomvi wa vipimo: fimbo ikienda sentimita 30 au 28, friwili haijali. Ukitaka na mwendo wa kushuka ufanye kazi, weka friwili ya pili yenye mnyororo uliopita upande wa pili.

Hesabu yake ni hii. Friwili ya meno 18 na mnyororo wa nusu inchi yahitaji sentimita 23 hivi kwa mzunguko mmoja. Mwendo wa sentimita 30 watoa mzunguko mmoja na theluthi. Fimbo ikipanda mara 30 kwa dakika, shafti huzunguka karibu mara 39. Altaneta ya gari yataka zaidi ya mara 1,000. Basi hapana budi kuongeza mwendo zaidi ya mara 25, yaani hatua mbili za zaidi kidogo ya mara 5 kila moja. Na gurudumu zito la kutuliza mwendo liwekwe kwenye shafti ya mbio, si ile ya polepole, kwa sababu gurudumu lilelile likizunguka mara 10 zaidi huhifadhi nguvu mara 100 zaidi.

Lakini tusidanganyane kwa upande mwingine pia. Gurudumu la upepo lenye upana wa mita 3, katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, latoa wati 80 hivi, na hapo hatujaondoa kinacholiwa na minyororo na beringi. Hiyo ni kama nguvu ya mtu mmoja anayezungusha kwa mikono bila kupumzika. Yatosha taa chache na kuchaji simu. Haitoshi kinu cha posho. Mota ya nguvu ya farasi 10 yataka wati 7,460. Atakayekuja kuwaahidi posho kutoka kwa pampu kama hiyo, mwonyesheni njia ya stesheni.

Na ikiwa kikundi hakijanunua bado, nawashauri wasigeuze kabisa. Lile gurudumu juu ya mnara tayari lazunguka. Limegeuzwa kuwa la kupanda na kushuka kwa ajili ya pampu. Kuligeuza tena liwe la kuzunguka ni kulipa nauli mara mbili kwa safari moja. Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, viwanda viliuza vinu vya aina mbili: vya pampu vyenye fimbo ya kupanda na kushuka, na vya nguvu vyenye shafti inayozunguka hadi chini. Aliyetaka kusaga alinunua cha pili. Walikwisha jua.

Sasa nije kwenye neno langu lenyewe. Kwa nini maarifa haya, ambayo kila fundi wa baiskeli anayo vidoleni, hayakusikilizwa siku ile?

Si jambo jipya. Huko Uingereza, injini za mvuke za kwanza zilikuwa za pampu tu, kupanda na kushuka, kama pampu yetu. Watu wakataka zizungushe mashine. Mwaka 1780 James Pickard wa Birmingham alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyoandikwa serikalini, ya kutumia krenki kwenye injini ya mvuke. Krenki, kitu cha kale kilichokuwamo katika vyombo vya kila siku! James Watt alinung'unika kwamba wazo lile lilitoka katika karakana yake. Basi mwaka 1781 Watt akaandikisha njia nyingine, ya gia moja inayoizunguka nyenzake. Lakini wengi walioichunguza habari hiyo wasema aliyeibuni ni William Murdoch, fundi aliyekwenda Birmingham mwaka 1777 kuomba kazi kwake. Hataza iliandikwa kwa jina la mwajiri. Murdoch alipanda cheo baadaye, hilo ni kweli, lakini karatasi haina jina lake. Na haki ya Pickard ilipokwisha mwaka 1794, krenki ikarudi mahali pake.

Mwaonaje, wenzangu? Mabwana waligombea karatasi, na kazi ilitoka mkononi mwa fundi. Huko kwetu mkandarasi alikuwa na karatasi, na fundi aliambiwa akae na spana zake. Lakini huyo fundi wa kwetu ana kosa ambalo Murdoch hakuwa nalo. Murdoch alichora wazo lake akalitoa. Mimi nilimeza langu kwa sababu ya kuchekwa mara moja. Ningalichora duara mbili mchangani mbele ya akina mama wale, moja ya 28 na moja ya 30, wangaliona kwa macho yao. Kijana yule angalikuwa na vidole vyake.

Kwa hiyo natoa maombi matatu kwa chama.

Kwanza, matawi yaanzishe jioni moja kwa mwezi ya mafundi kuelezana kazi, kwa ubao na chaki, kwa Kiswahili. Tusifundishwe tu kufungua na kufunga. Tuelezane kwa nini.

Pili, mwanachama akienda likizo na kukuta watu wake wanatoa fedha kwa mashine, asinyamaze. Aombe mchoro, aulize vipimo, aseme mbele ya mkutano.

Tatu, tuhimize kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu ya mashine iliyo ya hatari izungushiwe kinga. Mnyororo wa kijijini hukata kidole sawasawa na wa kiwandani.

Nimekwisha mwandikia mwenyekiti wa kikundi na kumpelekea mchoro wa friwili mbili. Mtoto wa shangazi yangu amekubali kusimamia kazi hiyo kwa mkono uliobaki mzima. Yeye ndiye atakayeamua kinga iwekwe wapi, maana hakuna anayejua zaidi yake.

Ni mimi mwenzenu,

Fundi wa Karakana ya Reli