Sauti Nyuma ya Pazia

Mmezoea ukurasa huu kuzungumzia chanjo, homa na lishe ya watoto, na huenda mkashangaa leo tukileta habari za sinema. Tuvumilieni kidogo. Juzi tuliitazama tena My Fair Lady pamoja na binti zetu, na mmoja akauliza, "Mama, mbona sauti ya huyu dada inabadilika akianza kuimba?"

Inabadilika kweli, kwa sababu anayeimba si yeye.

Kabla ya kuwa sinema, My Fair Lady ulikuwa mchezo wa jukwaani, wa maneno na nyimbo, ulioanza New York mwaka 1956. Unamhusu Eliza, msichana maskini muuza maua wa London, ambaye profesa mmoja anamfundisha kusema Kiingereza cha wakubwa hadi watu wanamdhania ni binti wa ukoo bora. Eliza wa kwanza alikuwa Julie Andrews, Mwingereza wa miaka 20, mwenye sauti safi inayopanda juu bila kujikaza. Aliucheza New York, kisha London, na watu wakajaa.

Kampuni ya Warner ilipolipa dola milioni 5.5 kupata haki ya kuutengeneza sinema, wengi walidhani nafasi ile ni ya Julie bila mjadala. Mkuu wa kampuni, Jack Warner, hakukubali. Kwa hesabu zake, watu wanaokata tiketi za sinema hawakumjua Julie, na fedha zilizowekwa zilikuwa nyingi mno. Nafasi akapewa Audrey Hepburn, kwa malipo ya dola milioni moja.

Tusimlaumu Audrey upesi. Alikuwa mwigizaji hodari na kipenzi cha watu. Lakini alikuwa na miaka 34 akiigiza msichana, na hata walipompaka masizi usoni, mtazamaji alimwona bibi mkubwa tangu dakika ya kwanza. Basi lile badiliko ambalo hadithi yote inalisubiri likawa dogo. Tena nyimbo zile zilitaka koo la namna nyingine. Audrey alichukua masomo ya kuimba, akafanya bidii, akarekodi nyimbo akitumaini zitatumika. Mwishowe karibu sauti yake yote ya kuimba iliondolewa, ikawekwa ya mama mmoja aitwaye Marni Nixon. Husimuliwa kwamba Audrey alipoambiwa alitoka kazini kwa uchungu, na kesho yake akarudi kuwaomba wenzake radhi. Kila tukikumbuka jambo hilo tunamhurumia. Aliwekwa mbele, kisha akaambiwa hatoshi.

Marni Nixon alikuwa ameizoea kazi hiyo. Alimwimbia Deborah Kerr katika The King and I mwaka 1956, na Natalie Wood katika West Side Story mwaka 1961, na jina lake halikuandikwa katika sinema hizo. Natalie naye alikuwa ameziimba nyimbo zake akidhani ndizo zitakazosikika. Isitoshe, mtoto huyo wa wahamiaji kutoka Urusi alipewa kuigiza binti wa Puerto Rico. Sinema hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2021, nafasi alipewa Rachel Zegler, ambaye asili ya mama yake ni Kolombia, na akaimba mwenyewe.

Julie je? Walt Disney alimwona jukwaani katika mchezo mwingine, akamtaka kwa sinema yake ya Mary Poppins. Julie akamwambia ana mimba. Disney akajibu kwamba watamngoja, na wakamngoja mpaka akajifungua. Hapo sisi wauguzi tulisimama kidogo, maana tumeona akina mama wangapi wakificha tumbo wasije wakafukuzwa kazi!

Sinema zote mbili zilitoka mwaka 1964. Tuzo za Oscar zilipotolewa Aprili 1965, My Fair Lady ilichukua nane, pamoja na ile ya sinema bora na ya mwigizaji bora wa kiume. Audrey hata kwenye orodha ya kushindania hakuwamo. Mwigizaji bora wa kike alikuwa Julie Andrews, kwa Mary Poppins.

Mtu angependa kuishia hapo na kushangilia. Lakini si kila mara aliyeanza na nafasi ndiye anayeifaa hadi mwisho. Mwaka 2021 ilitoka sinema ya Dear Evan Hansen, na Ben Platt, aliyeipatia sifa nafasi ya kijana Evan jukwaani, akapewa tena. Alikwishafika miaka 27, naye anaigiza mwanafunzi wa sekondari. Jukwaani mtu huonekana kwa mbali. Kamera husogea mpaka kwenye ngozi, na watazamaji wengi hawakuweza kumwona mtoto wa shule. Kwa hiyo Warner hakukosea kujiuliza kama Julie angefaa. Alichopima ndicho kilichokuwa na kasoro, kama Samweli alipofika nyumbani kwa Yese akavutwa kwanza na umbo la Eliabu.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Mwaka mmoja tuliandaa igizo la Krismasi kanisani kwetu. Nafasi ya Mariamu tulimpa binti wa mzee mmoja aliyejitolea kununua mavazi. Hakuweza kuimba. Aliyeweza alikuwa msichana mwenye kovu la moto shavuni, na tukamsimamisha nyuma ya pazia aimbe, mwenzake afumbue mdomo. Washarika walipiga makofi sana. Baadaye tulimkuta yule wa mbele akilia chooni, kwa sababu wenzake walijua. Yule wa nyuma hakulia. Aliacha tu kuja kwaya.

Tulipomaliza kumjibu binti yetu kuhusu sauti ya Eliza, tulimwona amenyamaza, kisha akauliza yule dada wa kwaya siku hizi anaimba wapi. Hatukujua. Jumamosi tukafunga safari mpaka kwao. Mama yake alitukaribisha chai, akasema binti ameenda kuteka maji. Tukakaa kumngoja.