Asiye Wakili Aruhusiwa Kufanya Nini?

Wananchi wenzetu wengi huamini kwamba sheria ni mali ya mawakili, na kwamba asiye wakili akithubutu kumsemea mwenzake atatiwa pingu. Imani hiyo ni potovu, na gharama yake ni kubwa. Kwa sababu yake mjane huachwa peke yake mbele ya jamaa za marehemu wanaong'oa mipaka ya shamba, na kijana hulala rumande ilhali jirani angaliweza kumdhamini. Sisi tulio mawakili tuna wajibu wa kueleza waziwazi mpaka uko wapi.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, imekataza mambo yanayohesabika. Asiye wakili haruhusiwi kujiita wala kujifanya wakili. Haruhusiwi kuendesha kesi ya mwingine mahakamani kana kwamba ni wakili. Tena haruhusiwi kumtayarishia mwingine hati za kuhamisha ardhi, za kuunda kampuni, za kuomba usimamizi wa mali ya marehemu au za kesi, wala kupokea malipo kwa kazi hiyo. Lakini mtu kujiandikia hati za kesi yake mwenyewe si kosa.

Katazo hilo lina maana. Hati ya shamba ikiandikwa vibaya, anayefukuzwa shambani ni mnunuzi. Yule aliyeiandika chini ya mti nje ya afisi ya ardhi haonekani tena. Wakili akikosea ana jina, ana cheti cha kila mwaka, na iko tume ya kupokea malalamiko dhidi yake. Mkora hana la kupoteza. Wahenga walisema wajinga ndio waliwao. Sisi twaongeza kwamba maskini huliwa hata akiwa na akili timamu, kwa kuwa ada ya wakili hana.

Hata hivyo, nje ya ua huo kuna uwanja mpana. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, pale haki zake za kimsingi zinapovunjwa, na kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, pamoja na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Basi jirani afikaye kituoni kuuliza sababu ya kukamatwa kwa mwenzake, au kujitolea kuwa mdhamini, hatendi kosa lolote. Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na afisa wa chama chake cha wafanyakazi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwenye dai lisilozidi shilingi 1,000,000 anaweza kujitetea mwenyewe katika Mahakama ya Madai Madogo, na asipoweza kufika humtuma mwakilishi aliyemwidhinisha. Kumsindikiza mjane kwa chifu kuomba barua ya kuwatambulisha warithi, au kumsomea ilani asiyejua kusoma, huo ni ujirani mwema. Hauhitaji leseni ya mtu.

Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili. Huidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na hutoa ushauri na msaada chini ya usimamizi wa wakili au wa shirika lililoidhinishwa. Hao ndio daraja kati ya kijiji na mahakama.

Lakini daraja haliwi daraja kwa kuandikwa katika kitabu cha sheria. Kifungu cha 48 cha Katiba kimeiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada ikihitajika isiwe kizuizi. Serikali inayomkataza maskini kuandikiwa hati na asiye wakili, kisha isimpatie wakili wala msaidizi, imekiziba kisima bila kumletea maji. Mjane hukimbilia kwa mkora kwa kuwa hakuonyeshwa mlango mwingine.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Bunge litenge fedha za kutosha ili msaada wa kisheria ufike katika kila kaunti. Nasi mawakili tukubali kuwasimamia wasaidizi hao, wala tusiitumie Sura ya 16 kulinda matumbo yetu. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda mteja.

Nawe mwananchi, kabla hujamlipa mtu akuandikie hati, hakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili ya Chama cha Wanasheria cha Kenya. Na jirani yako akikamatwa, nenda kituoni. Sheria haikukuzuia.